Magoti Mawili ya Arlutha Grimsley

Kila Jumamosi asubuhi, tangu alipokuwa msichana, Arlutha Grimsley alipanda mimbari ya Kanisa la Baptisti la Mlima Nebo. Alipanda na ndoo. Alivua viatu chini, akakunja gauni, akapiga magoti, akadeki kuanzia nyuma ya kiti kikubwa cha mchungaji hadi ngazi ya mwisho, kisha akapaka nta mbao zote mpaka zikang'aa. Hakuna shemasi aliyewahi kumuuliza anatafuta nini huko juu. Hakuna aliyemkumbusha kwamba yeye ni mwanamke. Lakini thubutu apande Jumapili na Biblia mkononi! Hapo kila mwanaume mwenye tai angepata sauti, na maandiko yangefunguliwa hata na wale ambao Biblia zao kurasa zilikuwa bado zimegandana.

Mwanamke alikuwa na mahali pake. Chini, sakafuni, pembeni mwa meza ya ushirika, palikuwa na kijimeza cha mguu mmoja. Mwanamke mwenye la kusema alisimama hapo. Hapo ndipo yaliposomwa majina ya wagonjwa, na keki za kuuzwa, na nani kaokota miwani ya nani. Na watu wa Mlima Nebo walilelewa hivyo tangu wakiwa wanabebwa: neno likitoka juu ni la Mungu, unaliamini, likitoka chini ni tangazo, unalisikia huku unafunga kamba za viatu vya mtoto.

Basi hilo ndilo lililomla Arlutha roho. Hakutaka cheo, wala hakutaka kiti. Alikuwa na neno, na alitaka alisemee mahali ambapo watu wangelisikia. Ni hilo tu, na ni hilo walilomnyima.

Alizaliwa hapa hapa kaunti ya Tolliver, jimbo la Georgia, ng'ambo ya reli walikokaa Weusi, kwenye udongo mwekundu unaoingia mpaka kwenye meno. Mama yake alideki mimbari ileile, na magoti yalipomshinda akamkabidhi binti yake ndoo, kama watu wengine wanavyowakabidhi binti zao vyombo vya harusi. Arlutha alipokuwa mkubwa akapika kwa wazungu upande wa pili wa reli. Akaolewa na Ennis Grimsley, mwanaume mpole aliyepakia magunia kwenye kinu cha karanga cha akina Haddock, ambaye kila jioni alirudi na vumbi la karanga kwenye nyusi. Wazungu walimwita Arlutha. Arlutha tu, hata watoto wao wanaotambaa. Yeye aliwaita Bwana na Bibi, hata wale aliowabadilisha nepi.

Kiangazi cha 1962 watu wa ng'ambo ya reli waliandamana kwenda mahakama ya kaunti kujiandikisha kupiga kura. Arlutha alikuwa mstari wa mbele. Kando yake alikuwa shemasi kijana, Lemuel Broadnax, mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Polisi wa kaunti walipowavamia, Broadnax alipigwa rungu kwenye goti la kushoto, goti likalia, na watu walilisikia. Hakurudi nyuma. Lazima niseme hilo, maana nitamsema vibaya sana huyu mtu mbele ya safari, lakini siku ile alikuwa mwanaume.

Waliswekwa ndani wote. Wanawake walirundikwa chumba kimoja, joto kama tanuri, choo kimefurika, wasichana wa shule wanalia wanataka mama zao. Arlutha alisimama, akaegemea ukuta, akaanza kuwasimulia habari ya kijakazi aliyefukuzwa na mtoto wake jangwani, maji yakamwishia, na Mungu akamwona. Hakupanga. Lilitoka lenyewe, likaja kwa nguvu, likapanda, likashuka, wasichana wakaacha kulia wakaanza kuitikia. Na upande wa pili wa ukuta, kwenye chumba cha wanaume, sauti ya Lemuel Broadnax, amelala chini na goti lililovunjika, ikapaza: "Endelea, dada! Endelea!"

Basi akaendelea mpaka askari akaja kugonga chuma na kutukana.

Alipotoka jela unga ulikuwa umemwagika. Bibi aliyempikia alimkuta mlangoni, akampa aproni yake imekunjwa vizuri, akamwambia, "Sikutegemea haya kutoka kwako, Arlutha." Arlutha akaichukua aproni. Akaanza kuosha nywele za watu jikoni kwake, na kuuza pai za viazi vitamu, na kila Jumatatu akawa anawasindikiza wazee mahakamani kujiandikisha, mmoja mmoja, mpaka karani alipomwona tu kwenye kona anaanza kuguna.

Miaka tisa baadaye alikwenda kwa wazee wa kanisa kuwaambia kwamba ameitwa kuhubiri. Mchungaji wakati huo alikuwa Orrin Tillery, mtu laini, mwenye mikono mizuri, ambaye hakupenda mtu yeyote amkasirikie na kwa hiyo hakuamua jambo lolote. Mashemasi walikaa kando yake. Broadnax alikuwa sasa ndiye mwenyekiti wao, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele.

"Mchungaji, ndugu zangu, nimeitwa," alisema Arlutha. "Nimevumilia, nimeomba, nimejifanya sisikii. Imeshindikana. Nimeitwa kuhubiri."

Broadnax akakohoa. "Dada Arlutha, una hakika ni Mungu? Isije ikawa ni zile kunde za jana."

Wakacheka. Wanaume wazima, wenye wake nyumbani, wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi.

Arlutha alisubiri wamalize. "Shemasi, ule ukuta wa jela unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Nani alikuwa anapiga kelele upande wa pili, 'Endelea, dada'?"

"Mimi."

"Ulikuwa unaitikia matangazo?"

Broadnax aliliangalia goti lake. "Jela ni jela, dada. Kanisa ni kanisa. Kuna utaratibu."

"Kumbe! Mungu wa jela ni mwingine?"

"Usitupandishie sauti," alisema shemasi mmoja.

"Sijapandisha bado."

Walijadiliana bila yeye, kisha wakamwita. Mchungaji Tillery akasoma uamuzi huku akitazama dirishani. Dada Grimsley anaruhusiwa kunena, ila si kuhubiri. Atanena Siku ya Wanawake, mara moja kwa mwaka, kwenye kijimeza cha chini. Kwenye karatasi ya ibada ataandikwa Mzungumzaji. Kisha akaongeza, kwa upole wake ule wa kukera, "Na tunakushukuru sana, dada, kwa jinsi unavyotutunzia mimbari."

Alirudi nyumbani amefura. Ennis alikuwa anavua viatu. Alimwangalia mkewe akajua.

"Mke wangu, hilo kanisa litakuua."

"Haliniui. Nitalideki mpaka liniogope."

Na kweli Jumamosi alikwenda kudeki. Watu wamewahi kuniuliza, kwa nini hakuhama? Kulikuwa na kanisa mjini linalowapokea wanawake. Swali la kijinga kabisa. Mama yake alizikwa nyuma ya kanisa lile. Alibatizwa kwenye kijito kile. Kwa nini ahame yeye? Wahame wao.

Sasa, habari ya bomba. Bomba la maji la kaunti lilitoka mjini, likapita mbele ya nyumba za wazungu, likafika kwenye reli, likaishia hapo. Ng'ambo ya reli tulivuta maji kwa mkono, pampu za visima, nchi ikiwa na watu waliokwishakwenda mwezini na kurudi. Diwani wa sehemu yetu alikuwa mzungu, Royce Haddock, mwenye kinu cha karanga, na kila ulipofika uchaguzi aliahidi bomba. Aliahidi vizuri. Alikuja Mlima Nebo Jumapili ya mwisho kabla ya kura, na kwa kuwa ni mgeni wa kiume, mashemasi walimpandisha juu, wakamkalisha kwenye kiti kikubwa. Ulikuwa utaratibu. Mgeni mwanaume hukaa juu, hata kama hajui Zaburi na hajawahi kufunga siku moja maishani mwake. Akasema kutoka juu, na kwa sababu alichosema kilitoka juu, watu wetu wakakiamini. Wakampa kura. Baada ya ibada akala kuku wetu wa kukaanga, akalamba vidole, akaenda zake, na bomba likabaki relini.

Mwaka 1978 Arlutha akasema basi. Akachukua fomu, akagombea udiwani dhidi ya Haddock. Ennis alifukuzwa kinuni wiki hiyohiyo, akaja nyumbani akakaa, akafuta nyusi, akasema, "Sasa nitakuendeshea gari." Akamwendesha nyumba kwa nyumba. Rafiki wa Arlutha, Cleotha Weems, mwimbaji wa kwaya mwenye kiuno kipana na mdomo usio na breki, alikwenda nao. Arlutha alijua hesabu yake iko sawa. Weusi ng'ambo ya reli walikuwa wengi kuliko wazungu wa sehemu ile, kama wangejitokeza. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa Jumapili moja tu, ile ya mwisho, na kile kiti.

Alikwenda kwa Mchungaji Tillery mapema. "Mchungaji, safari hii usimpandishe. Au kama unampandisha, tupandishe wote wawili."

"Dada Arlutha, kanisa halina upande."

"Likimpandisha yeye na kuniacha mimi chini, lina upande."

"Sikumpandisha mimi, dada. Ni utaratibu. Wewe utapewa nafasi. Utatoa tangazo."

"Tangazo," alisema Arlutha.

"Fupi," alisema Mchungaji.

Jumamosi alideki, akapaka nta, akafuta kile kiti kikubwa mpaka miguuni, kila mchongo. Cleotha alimkuta huko juu amepiga magoti, meno yameumana.

"We Arlutha! Unamng'arishia kiti adui yako?"

"Naking'arisha kwa sababu ni cha Mungu."

"Mungu hatakuja kesho, shoga. Atakayekuja ni Royce."

Akaja. Suti ya rangi ya maziwa, marashi yanamtangulia. Wahudumu wa milango wenye glavu nyeupe wakampeleka mbele, Broadnax akamshika mkono na kumsaidia ngazi, yeye mwenye goti bovu anamsaidia mwenye magoti mazima, akaketi. Akakunja mguu. Kisigino cha kiatu chake kikakwaruza mbao, kikaacha alama nyeusi kwenye nta, ndefu, kama mtu alipiga mstari kwa makaa.

Arlutha alikuwa benchi la pili. Aliiona. Akaikalia mikono yake.

Haddock akasimama kwenye mimbari. "Marafiki zangu wapendwa," alianza, na feni za karatasi zikaanza kupepea mikononi, na vichwa vikainuka kumtazama. Arlutha aliwaona wazee aliowapeleka mahakamani kwa mkono wake, wanamtazama mtu yule kama alivyotazamwa kila mara. Wengine walikuwa wanaitikia kwa kichwa. Hasira ikampanda. Hakuwa na hasira na Haddock peke yake. Haddock alikuwa mwizi anayejulikana. Aliwakasirikia wao, mashemasi, kina dada, wazee, Mchungaji na mikono yake mizuri, aliwakasirikia kwa kuwa aliwapenda na walikuwa wanamfungulia mwizi mlango na kumwekea mto mgongoni.

"Kuhusu lile bomba," alisema Haddock.

Arlutha akasimama. Mchungaji akadhani anataka zamu yake, akanyoosha kidole kumwonyesha kijimeza. Arlutha akakipita kijimeza. Akafungua mlango wa pembeni, akatoka.

Kisima cha kanisa kilikuwa chini ya madirisha, na madirisha yalikuwa wazi kwa ajili ya joto. Haddock akaendelea kusema juu ya bomba, na nje pampu ikaanza kulia. Kwii. Kwii. Akasema mabomba yameshaagizwa. Kwii. Akasema hivi karibuni kila nyumba itafungua maji jikoni. Kwii, kwii, kisha sauti ya maji yakiangukia ndoo ya bati. Mtu mmoja nyuma akaguna. Feni zikasimama.

Arlutha aliingia na ndoo mkono mmoja, tambara na sabuni mkono wa pili. Amefunga aproni juu ya gauni lake la Jumapili. Ilikuwa ile aproni ya jikoni kwa wazungu, ileile aliyokabidhiwa mlangoni. Alivua viatu chini ya ngazi, kama kawaida yake, akapanda. Akapiga magoti mbele ya diwani, akalowesha tambara, akalikamua.

"Inua miguu, Royce," alisema.

Loo! Kanisa zima lilivuta pumzi. Hakuna mtu mweusi kaunti ya Tolliver aliyewahi kumwita mtu yule jina lake tupu na kuliacha hivyohivyo hewani, bila Bwana mbele yake. Haddock mwenyewe aligeuka kana kwamba kaitwa na mama yake, na akainua mguu. Aliinua kweli. Arlutha akaanza kuifuta ile alama.

"Dada Arlutha, jamani," alinong'ona Mchungaji Tillery, "ibada inaendelea."

"Endeleeni. Mimi nadeki."

Broadnax alisimama. "Dada, shuka! Shuka sasa hivi!"

"Nishuke kwa nini, Shemasi? Nimepanda na ndoo. Mwenye ndoo anaruhusiwa. Au utaratibu umebadilika tangu jana?"

"Haujabadilika!" alipiga kelele Cleotha kutoka kwenye kwaya. "Deki, dada!"

Na Arlutha akadeki. Alidekia pale, mkono unakwenda na kurudi, na akasema, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Maji haya nimeyavuta kwa mkono, mmesikia wenyewe. Bomba lilifika relini likachoka. Huyu anakuja hapa, anakalia kiti nilichokisugua, anatuahidi, anashuka, anakula kuku wetu, anaondoka. Na ninyi mnasema Amina. Nimewaambia haya chini, pale, mwaka baada ya mwaka, mkasema ni matangazo. Basi leo nawaambia huku juu. Nawaambia nimepiga magoti, ili Shemasi Broadnax asije akasema nilisimama."

Mtu mmoja akacheka, kicheko kifupi cha maumivu.

"Watoto wenu wanaumwa matumbo kila kiangazi. Maji ya kisima kile yanakaa jirani na makaburi, nami mama yangu yuko pale, kwa hiyo najua tunakunywa nini. Mungu alimwona kijakazi jangwani akamfungulia kisima. Hakumwambia subiri baada ya uchaguzi! Sogea kidogo, Royce, hapo pia pamechafuka."

Haddock akasogea, kisha akatambua kwamba amesogea, uso ukawa mwekundu kama udongo wetu. Akashuka ngazi na pindo la suruali linadondosha maji. Wahudumu wa milango hawakujua wamsindikize au wabaki, wakabaki. Hakula kuku siku hiyo.

Arlutha akashinda kwa kura chache. Kikao chake cha kwanza cha baraza la kaunti aligonga meza kwa ajili ya bomba mpaka karani akadondosha kalamu.

Ungedhani kanisa lilimpigia makofi. Aka! Januari, Ijumaa jioni, lilimwita kwenye mkutano kwa kosa la kuvuruga ibada. Aombe radhi, kwenye kijimeza, au aondolewe mkono wa ushirika, yaani awe si mmoja wao tena, yeye aliyebatizwa kwenye kijito kile. Broadnax ndiye aliyesoma mashtaka.

"Una la kusema, dada?"

"Ninalo." Arlutha alikuwa amekuja na ndoo. Watu walidhani ni kichekesho. Aliinyanyua, akaiweka miguuni pa Broadnax, tambara ndani, sabuni juu yake. "Siombi radhi. Na kesho ni Jumamosi."

"Maana yake nini?"

"Maana yake ni kwamba kama magoti yangu hayafai kusimama pale, hayafai kupigwa pale. Dekini wenyewe."

Akatoka. Nyuma yake akatoka Cleotha, na nyuma ya Cleotha wakatoka kina mama wenye magauni meupe, mabibi wazima wenye fimbo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mkutano ukabaki wa wanaume na kinanda. Mashtaka yakaahirishwa. Hayakuwahi kusikilizwa tena.

Na mimbari ikachafuka. Ndani ya wiki chache udongo mwekundu uliingia madirishani ukakaa kwenye nta. Nyayo za Mchungaji zilionekana kutoka ngazini hadi kitini na kurudi, kama njia ya ng'ombe. Buibui akajenga kwenye kona. Mashemasi walimwomba dada huyu, wakamwomba yule. Mmoja mgongo unamuuma, mwingine ana wageni. Cleotha alimwambia Mchungaji mbele za watu, "Magoti yangu yameokoka, Mchungaji. Yamekataa kazi za dunia." Wanaume wao, je, wasingeweza? Walikuwa na mikono. Walilima, walijenga, walibeba magunia. Lakini kupiga magoti na tambara, khaa, hiyo ilikuwa kazi ya wanawake, bora tukae na buibui.

Pasaka ikakaribia. Makanisa jirani yalialikwa Mlima Nebo mwaka ule, na wageni wote walitaka kumwona yule diwani mpya. Mchungaji Tillery akapiga simu. Arlutha alikuwa anakanda unga wa pai, Ennis akamshikia simu sikioni.

"Diwani Grimsley," alisema Mchungaji, na furaha ilikuwa imejaa sauti yake. "Tumekaa, tumeomba, tumekubaliana. Siku ya Pasaka tunakupandisha. Juu kabisa. Viongozi wa serikali hukaa juu, ni utaratibu."

Arlutha akaacha kukanda. Kitu alichokililia maisha yake yote kilikuwa kwenye simu ile.

"Diwani atabaki nyumbani na Ennis," alisema. "Atakayekuja ni mhubiri. Karatasi iandikwe hivyo. Mhubiri."

Mchungaji akashusha pumzi. "Sawa, dada. Itaandikwa. Mhubiri." Na hapo, mtu yule laini, mtu asiyetaka kumkasirisha yeyote, akaongeza bila ubaya wowote moyoni, "Na kama utaweza kupita Jumamosi, dada, mapema tu, na ndoo. Maana hujui jinsi palivyochafuka."

Ennis alisema baadaye kwamba aliutazama uso wa mkewe akarudi hatua nyuma, na simu bado iko mkononi mwake.

"Mchungaji," alisema Arlutha, polepole, "mimi nakuja Jumapili. Jumamosi ni ya Shemasi Broadnax. Ndoo anayo. Nikikuta pamechafuka, nageukia mlangoni, na wageni wako utawahubiria wewe habari ya buibui."

Jumapili ya Pasaka kanisa lilijaa mpaka kwenye madirisha. Mimbari ilikuwa imedekiwa. Imedekiwa vibaya, mabaki ya sabuni meupe kila mahali, nta imerundikwa hapa na kukosekana kule, lakini imedekiwa. Broadnax alikuwa benchi la mbele, amekaa upandeupande, mguu wa kushoto ameunyoosha kama ubao na suruali imevimba gotini. Hakumtazama mtu. Watu wote walijua ni yeye. Alijifungia ndani ya kanisa Jumamosi mchana kutwa, peke yake, na aliyepita nje alimsikia akigumia.

Arlutha alikuja na Biblia. Alifika chini ya ngazi, akainama kuvua viatu, mkono ukagusa kisigino, akasita. Kisha akasimama wima akapanda navyo. Visigino vikagonga mbao, ko, ko, ko, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kuisikia sauti ya visigino vyake huko juu.

Hakufungua Biblia mara moja. Alipitisha kidole nyuma ya ukingo wa mimbari, kwenye kile kijipembe ambacho hakuna anayekiona ila aliyewahi kupiga magoti hapo. Akakiinua kidole. Kilikuwa chekundu kwa vumbi.

"Shemasi Broadnax," alisema, "pembeni hukufika."

Kanisa zima likamgeukia. Shemasi akainua uso. "Dada Arlutha," alisema, sauti imekauka, "unalijua goti langu."

"Nalijua. Kanisa zima linalijua goti lako moja, tumeliombea tangu 1962. Yangu mawili hakuna aliyewahi kuyauliza."

Arlutha akajifuta kidole kwenye kitambaa, akafungua Biblia pale wanawake waliporudi kutoka kaburini kwa Yesu na habari, na wanaume wakasema ni upuuzi, akaanza kusoma.